Mgeni na Maji: Historia ya Uokoaji katika Ufukwe wa Bondi

Kwa sehemu kubwa ya historia ya wanadamu bahari ilikuwa mahali pa kazi, na aliyeiingia aliiingia kwa sababu maalumu, ama kuvua, ama kupiga mbizi, ama kusafiri kwenda ng'ambo. Maji yaliua, tena yaliua wengi, lakini waliokufa walikuwa hasa mabaharia na wavuvi, watu ambao waliifahamu hatari iliyo mbele yao hata pale walipokosa uwezo wa kuishinda. Kifo cha mtu aliyetoka mbali kwa ajili ya kujiburudisha, akafia hatua chache tu kutoka mahali alipovua viatu vyake, ni jambo jipya kwa kulinganisha, na umri wake hauzidi sana miaka 250. Bendera, filimbi, minara ya walinzi na vibao vya onyo ambavyo msafiri wa leo huvikuta katika fukwe za nchi nyingi vilibuniwa kwanza kwa ajili ya mtu huyo, yaani mgeni asiyeyajua maji anayoyaingia, na hakuna mahali ambapo historia ya vitu hivyo inaonekana wazi zaidi kuliko katika fukwe za jiji la Sydney, Australia, na hasa ufukwe wa Bondi.

Desturi ya kwenda pwani kwa starehe ilianza kama tiba. Katikati ya karne ya 18 tabibu Mwingereza Richard Russell alichapisha kitabu cha kusifu maji ya chumvi kama dawa ya maradhi ya tezi, na wagonjwa wenye uwezo wakaanza kumiminika Brighton, kijiji cha wavuvi kilicho kusini mwa London, kuoga na hata kuyanywa maji hayo. Mgonjwa hakuachwa aingie baharini peke yake. Alipandishwa katika kibanda cha mbao chenye magurudumu, kikavutwa na farasi hadi majini, naye akavua nguo humo ndani bila kuonekana. Kisha akapokewa mlangoni na mchovyaji, mwanamke mwenye mikono ya nguvu ambaye kazi yake ilikuwa kumzamisha mteja kwa muda mfupi na kumwibua tena. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Martha Gunn, ambaye picha zake zilichorwa akiwa bado hai. Utaratibu huo huweza kuchekesha leo, lakini ulikuwa na jambo moja la maana ambalo nyakati za baadaye zililipoteza, nalo ni kwamba kila mgeni alishikwa mkono na mwenyeji aliyeijua pwani ile. Reli ya kutoka London ilipofika Brighton mwaka 1841, wageni waliacha kuhesabika kwa makumi, na hakukuwa na wachovyaji wa kuwatosha.

Wakati huohuo, elimu ya kumhuisha mtu aliyezama ilikuwa ikikua mahali pengine kabisa, katika miji yenye mifereji na mito. Mwaka 1767 wafanyabiashara wa Amsterdam waliunda chama cha kuokoa watu waliozama, kwa kuwa mifereji ya mji wao ilimeza watu kila msimu, hasa usiku na wakati wa ukungu, na mwaka 1774 London ikafuata kwa kuanzisha chama cha namna hiyo. Vyama hivyo vilitoa zawadi kwa waokoaji na kusambaza maelekezo, ambayo baadhi yake yalikuwa ya busara, kama kumpasha mgonjwa joto na kumpulizia pumzi, na mengine ya ajabu: moshi wa tumbaku ulipulizwa kwa mvukuto kupitia njia ya haja kubwa, kwa imani kwamba joto na ukali wake vingeuamsha mwili, na vifaa vya kufanyia hivyo viliwekwa tayari kandokando ya mto Thames. Hata hivyo, mafundisho hayo yote yalimhusu mtu ambaye tayari amekwisha kutolewa majini. Nani angemtoa, na kwa chombo gani, pale ambapo maji si mfereji mtulivu bali ni mawimbi ya bahari kuu? Swali hilo lilingoja upande wa pili wa dunia.

Katika koloni la New South Wales, ambalo leo ni jimbo la Australia, kuoga hadharani mchana kulikatazwa tangu miaka ya 1830, na katazo hilo liliwekwa kwa ajili ya kulinda haya wala si uhai. Aliyetaka kuingia baharini alipaswa kufanya hivyo alfajiri au baada ya giza kuingia. Mwezi Oktoba 1902 William Gocher, mhariri wa gazeti dogo la Manly, kitongoji cha Sydney chenye ufukwe, alitangaza katika gazeti lake kwamba ataoga saa sita mchana, akaoga kweli, na hakushtakiwa. Mwaka uliofuata halmashauri ya Manly iliruhusu watu kuoga mchana mradi wamevaa vazi la kuwafunika kutoka shingoni hadi magotini. Simulizi za Australia zimemfanya Gocher kuwa shujaa wa jambo hili, pengine kupita kiasi, kwa sababu wengi walikuwa wakiivunja sheria hiyo kabla yake kwa ukimya. Lakini matokeo yake hayana ubishi, kwani katika muda wa miaka michache fukwe zilizokuwa tupu zilijaa maelfu ya watu ambao hawakuwahi kufundishwa lolote kuhusu mawimbi.

Waliojua walikuwa wachache, na baadhi yao walikuwa wageni wa namna nyingine. Sanaa ya kulalia wimbi kwa kifua na kubebwa nalo hadi ufukweni inasimuliwa kuwa ililetwa Manly katika miaka ya 1890 na kijana kutoka kisiwa cha Tanna, katika visiwa ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu, aliyejulikana kwa jina la Tommy Tanna. Alick Wickham, aliyetoka Visiwa vya Solomon, naye aliwastaajabisha watu wa Sydney kwa mtindo wake wa kuogelea wa kurusha mikono kwa zamu huku miguu ikipiga maji. Hivyo Wazungu waliojihesabu kuwa wenyeji wa nchi walijifunza bahari kutoka kwa watu wa visiwani waliotazamwa kama wa kuja.

Ili kuelewa hatari iliyowakabili waogaji hao wapya, ni lazima kueleza maumbile ya pwani yenyewe. Msomaji aliyelelewa Mombasa, Tanga au Unguja amezoea bahari iliyo nyuma ya mwamba, yaani ukuta wa matumbawe unaoyavunja mawimbi makubwa mbali na nchi kavu na kuyaacha maji ya ndani yakiwa yametulia. Hatari za pwani hiyo hutokana zaidi na kupwa na kujaa kwa maji. Wakati wa bamvua, pale mwezi unapoandama au kupevuka, tofauti ya kina kati ya maji kupwa na maji kujaa hukaribia mita 4 huko Mombasa, na mtu aliyetembea hadi kwenye fungu la mchanga kuokota chaza huweza kujikuta amezungukwa. Vilevile maji yanayotoka kupitia milango ya mwamba huenda kwa nguvu ambayo wavuvi huiheshimu. Sydney haina mwamba wa namna hiyo. Mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba maelfu ya kilomita kusini hufika Bondi bila kizuizi na kuvunjikia juu ya mchanga, mahali hasa waogaji waliposimama.

Maji yanayosukumwa pwani na mawimbi hayo lazima yarudi, na hayarudi kwa usawa pande zote. Hutafuta njia rahisi, ambayo aghalabu ni mfereji uliochimbika kati ya mafungu mawili ya mchanga, hukusanyika hapo, na kutoka kwa kasi kama mto mwembamba unaoupa mgongo ufukwe. Huu ndio mkondo wa kurudi. Mwanajiolojia wa Marekani Francis Shepard aliutenganisha rasmi na mikondo ya kupwa na kujaa katika andiko lake la mwaka 1936, kwa sababu hauhusiani na mvuto wa mwezi, ingawa maji yanapopwa huweza kuzidi nguvu. Kasi yake huweza kufikia mita 2 kwa sekunde, na bingwa wa Olimpiki mwenyewe huifikia kasi hiyo katika mbio fupi tu. Lakini ubaya wake mkubwa haumo katika kasi bali katika sura, kwa kuwa mfereji una kina kirefu na mawimbi hayavunjiki juu yake, hivyo mtu anayetazama kutoka mchangani huona povu jeupe kulia na kushoto na, katikati, ukanda wa maji yenye rangi iliyokoza, uliotulia kana kwamba umetengenezwa kwa ajili ya watoto. Mgeni mwoga wa mawimbi huuchagua ukanda huo kwa hiari yake mwenyewe. Mkondo haumvuti mtu chini, kinyume na imani ya wengi. Humbeba tu, na anayekufa mara nyingi ni yule anayeona ufukwe ukimwendea mbali, akageuka na kupigana na maji uso kwa uso hadi nguvu zikamwishia.

Vilabu vya kujitolea viliundwa kutokana na vifo hivyo. Klabu ya Bondi ilianzishwa mwezi Februari 1907, ingawa majirani zao wa Bronte wanadai kuwatangulia, na ugomvi huo wa nani alikuwa wa kwanza haujapoa mpaka leo. Mwezi Oktoba mwaka huohuo vilabu vya Sydney viliungana katika chama kimoja, ambacho baadaye kilikua kuwa chama cha nchi nzima. Chombo chao kikuu kilikuwa roda ya kamba, pipa kubwa la mbao lililowekwa juu ya fremu ufukweni na kuzungushiwa mamia ya mita za kamba nyembamba, ambalo kubuniwa kwake huhusishwa na Lyster Ormsby na wenzake wa Bondi. Mwokoaji alivaa mkanda uliofungwa kwenye ncha ya kamba, akakimbia majini na kuogelea kumfuata mtu anayezama. Nyuma yake wenzake walisimama kwa mstari kutoka mchangani hadi penye maji ya kifua, wakiiinua kamba juu ya vichwa vyao isilowe wala kunasa, na mmoja akishughulikia pipa. Mwokoaji alipomfikia mhitaji aliinua mkono, nao wakaanza kuvuta, kwa mwendo wa pamoja kama wavuvi wa juya, lakini si kwa pupa, kwa kuwa kamba inayovutwa kwa haraka humzamisha aliyefungwa.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kuokolewa Bondi, mwezi Januari 1907, kabla hata klabu haijaundwa rasmi, alikuwa mvulana wa miaka 9 aliyeitwa Charles Kingsford Smith, ambaye familia yake ilikuwa imekwisha kuishi Kanada kwa miaka kadhaa. Mvulana huyo alikuja kuwa rubani, na mwaka 1928 akaongoza safari ya kwanza ya ndege kuvuka Bahari ya Pasifiki kutoka Marekani hadi Australia. Mwaka 1935 alipotea akiwa angani upande wa Burma, na bahari iliyomwachia utotoni haikumrudisha mara ya pili.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuja Jumapili ya tarehe 6 Februari 1938. Ilikuwa siku ya joto, ufukwe wa Bondi ulijaa makumi ya maelfu ya watu, na wengi wao walikuwa wamesimama juu ya fungu la mchanga ambapo maji yalifika kiunoni. Alasiri mawimbi makubwa matatu yalifuatana bila kuacha nafasi kati yao, na yaliporudi yaliwakokota watu zaidi ya 200 kutoka kwenye fungu lile na kuwatupa kilindini. Kwa bahati, waokoaji wengi wa klabu walikuwapo ufukweni, wakaingia wote pamoja, wengine wakiwa na kamba, wengine wakiwa na mbao, wengine mikono mitupu. Hapo ulionekana udhaifu wa roda, kwa maana mfa maji hukamata maji, na watu waliojawa hofu waliirukia kila kamba iliyopita karibu nao, wakaning'inia kwa wingi hata waokoaji waliofungwa kwenye ncha zake wakawa hatarini kuzama wao wenyewe. Makumi ya watu walilazwa mchangani wakiwa wamezimia na wakahuishwa hapohapo. Waliokufa walikuwa 5. Siku hiyo ilipewa jina la Jumapili Nyeusi, na kwa kuzingatia idadi ya waliochukuliwa na maji, ni vigumu kutaja tukio jingine la uokoaji ufukweni lililofanywa na watu wa kujitolea kwa mafanikio makubwa kiasi hicho.

Njia waliyoitumia kuwahuisha ilikuwa ya kumlaza mtu kifudifudi na kumkandamiza mgongoni kwa mdundo, ambayo mwanafiziolojia wa Uingereza Edward Schäfer aliipendekeza mwanzoni mwa karne ya 20. Mwishoni mwa miaka ya 1950 madaktari James Elam na Peter Safar walionyesha Marekani kwamba kupuliza pumzi mdomo kwa mdomo ni bora zaidi, na ili watu wajifunze bila kuumizana, fundi wa vitu vya kuchezea wa Norwei, Asmund Laerdal, alitengeneza mwanasesere wa ukubwa wa mtu. Uso wa mwanasesere huyo, ambao mamilioni ya wanafunzi wa huduma ya kwanza wameubusu, ulinakiliwa kutoka sanamu ya msichana asiyejulikana jina, ambaye inasimuliwa kwamba alitolewa katika mto Seine, Paris, akiwa amekufa maji.

Roda yenyewe haikuondolewa upesi, kwa sababu vilabu viliipenda kama jeshi linavyopenda gwaride. Mbadala ulikwisha kuonekana mapema. Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea kutoka Hawaii, aliwaonyesha watu wa Sydney jinsi ya kusimama juu ya ubao wa mawimbi katika kiangazi cha 1914 hadi 1915, na mwezi Juni 1925 huko California aliutumia ubao wake kuwatoa majini watu 8 wa mashua iliyopinduka, akienda na kurudi kati ya mawimbi. Waokoaji wa Marekani waliofika Australia wakati wa Michezo ya Olimpiki ya 1956 walikuja na mbao nyepesi za kizazi kipya, na miaka ya 1970 ikaleta mtumbwi mdogo wa mpira wenye mashine, ambao watu wawili huweza kuuingiza mawimbini na kumfikia mhitaji kabla hajachoka. Mabadiliko mengine yalichelewa zaidi: wanawake walikubaliwa kuwa waokoaji kamili wa vilabu mwaka 1980 tu, ingawa waliogelea katika fukwe hizo tangu mwanzo.

Ingekuwa makosa kudhani kwamba maji huwaonea wageni peke yao. Tarehe 17 Desemba 1967 Waziri Mkuu wa Australia, Harold Holt, mwogeleaji hodari aliyepazoea mahali hapo kwa miaka mingi, aliingia katika maji yaliyochafuka ya Cheviot Beach, jimbo la Victoria, mbele ya rafiki zake, na hakuonekana tena. Mwili wake haukupatikana licha ya msako mkubwa. Bwawa la kuogelea la umma lililokuwa likijengwa katika jimbo lake la uchaguzi lilipewa jina lake. Ufukwe ule haukuwa na ulinzi wala bendera.

Bendera ndiyo lugha ambayo waokoaji wameiachia dunia. Ile ya nusu nyekundu juu na nusu ya manjano chini husimikwa mbili mbili, nayo ina maana kwamba eneo lililo kati yake linalindwa. Rangi hizohizo, kwa mpangilio mwingine, ni za bendera ambayo mabaharia huipandisha kutangaza kwamba mtu ameanguka baharini. Nyekundu tupu huonya juu ya hatari kubwa, nyekundu mbili hufunga maji kabisa, na zambarau hutumika pale kunapokuwa na viumbe wanaouma kama viwavi wa baharini. Shirika la kimataifa la viwango lilitoa mwongozo wa bendera hizo katika muongo wa kwanza wa karne hii, lakini nchi hazifanani katika kuufuata. Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba jozi ya nyekundu na manjano huhamishwa kila siku, hata mara kadhaa kwa siku moja, kwa kuwa mafungu ya mchanga huhama. Aliyeoga salama mahali fulani jana huenda leo akaingia palepale na kukuta mkondo.

Swali la nani ni mwenyeji wa ufukwe liliibuka kwa ukali mwezi Desemba 2005 huko Cronulla, kusini mwa Sydney, ambapo mapigano kati ya waokoaji na vijana wenye asili ya Lebanoni yalifuatiwa, tarehe 11, na ghasia za umati wa maelfu ya watu waliowashambulia wote waliodhaniwa kuwa Waarabu. Chama cha waokoaji kilijibu kwa njia ambayo haikutarajiwa, yaani kwa kuwaandikisha na kuwafundisha Waislamu wa Sydney kuwa waokoaji. Mshonaji wa jiji hilohilo, Aheda Zanetti, alikuwa amekwisha kubuni vazi jepesi la kuogelea linalofunika mwili na kichwa, akaliita burkini, na toleo la rangi nyekundu na manjano likavaliwa zamuni na mwokoaji mwanamke. Fikra ya vazi la namna hiyo haikubaki Australia. Katika kijiji cha Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako wasichana wengi walikua ukingoni mwa bahari bila kujua kuogelea, mradi wa mafunzo ulianzishwa katika muongo uliofuata, nao uliwavalisha mavazi marefu ya kuogelea ili wazazi wasiwe na sababu ya kukataa.

Bondi kwenyewe, mkondo mmoja wa kudumu upo upande wa kusini wa ufukwe, karibu na mahali ambapo mabasi kutoka mjini huwashusha abiria, na waokoaji wameupa jina la utani la treni ya mwendokasi ya wabeba mabegi, kwa sababu vijana watalii hushuka basi, huona maji yaliyotulia mbele yao, na huingia moja kwa moja bila kutembea mita mia chache hadi kwenye bendera. Mtaalamu wa fukwe Rob Brander, wa Chuo Kikuu cha New South Wales, amekuwa akimwaga rangi ya zambarau katika mikondo ya namna hiyo mbele ya hadhara ili mwendo wake uonekane. Rangi hutandaa karibu na mchanga, hujikusanya, kisha huchomoka kuelekea kilindini kama wino unaofuata mfereji. Na mara nyingine, kama vipimo vya watafiti vilivyofanywa karne hii kwa vyombo vinavyoelea vilivyokwisha kuonyesha, hupinda nyuma ya mawimbi yanayovunjika na kurudi polepole juu ya fungu la mchanga, karibu na mahali ilipotoka.